Feni ya Peso 1,530

Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Benigna Panaguiton alifungua kabati la sakristia ya kanisa la Panitugan akakuta kitambaa kinachowekwa chini ya taji kimekunjwa vizuri, na taji lenyewe halipo. Kufuli ilikuwa nzima. Mlango wa kabati haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Yeyote aliyechukua taji la Bikira alifungua kwa ufunguo, akachukua, akafunga tena kama mtu mwenye adabu zake.

Kesho yake saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa sikukuu. Sanamu ya Bikira ingebebwa mabegani kuzungushwa mji mzima, na wa kumvisha ni Benigna, ambaye wote wanamwita Baning. Kazi hiyo haina mshahara, inarithiwa. Mama yake aliifanya, na bibi yake, na mama wa bibi yake, na ukiuliza Panitugan kwa akina Panaguiton ni wapi utaambiwa ni pale kwa wavisha Bikira. Baning ni mshonaji, ana miaka thelathini na minne, hana mume wala shamba. Ana heshima hiyo tu, na anaipenda kuliko kitu chochote.

Funguo za kabati zilikuwa mbili. Moja padri aliondoka nayo Jumatano alipokwenda mafungo kisiwani Guimaras. Ya pili hutundikwa kwenye msumari sebuleni kwa Baning, katika nyumba ambayo mchana mlango haufungwi. Mfagiaji wa kanisa, Crispulo, aliapa kwamba saa moja na nusu asubuhi, wakati anapangusa vumbi, aliliona taji kupitia kioo cha kabati. Kwa hiyo mwizi alifanya kazi yake kati ya saa moja na nusu na saa nne na dakika ishirini.

Kapteni wa mtaa, Eustaquio Pama, aliitisha baraza la usuluhishi saa saba mchana. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Petronila Pabiona, na kuanzia Kapteni mpaka wauza barafu wote humwita Manang Nila, maana yake dada mkubwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye kaunta ya malipo ya duka kubwa mjini Iloilo, na inasemekana hakuwahi kukosea chenji. Inasemekana na yeye mwenyewe, lakini hakuna aliyejitokeza kumbishia. Ni mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni, mvumilivu sana kwa hesabu na si mvumilivu hata kidogo kwa watu.

Waliojua msumari wa ufunguo uko wapi na walioingia nyumba ile wiki hiyo walikuwa watatu. Baning mwenyewe, Crispulo aliyepeleka maua, na Simplicio Pagunsan, mchapaji, ambaye duka lake linatazamana na nyumba ya Baning. Alhamisi alivuka barabara kufuata majina ya akina mama ya kuchapa kwenye ratiba ya sikukuu. Simplicio huchapa kila kitu: kadi za harusi, ratiba, kuponi, vitabu vya risiti vya maduka ya mjini. Sampuli zake zimebandikwa ukuta mzima, na yeye huzionyesha kwa wateja kwa fahari.

Crispulo hakuchukua muda. Alitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye mapigano ya majogoo, akakaa huko mpaka habari za taji zilipomfikia, akapoteza majogoo wawili, na nusu ya wanaume waliokuwa barazani walimshuhudia. Walikuwa bado wanamcheka.

Baning alisema aliondoka na jipni, lile basi dogo la abiria, ya saa moja kamili kwenda Iloilo kununua lesi ya shela kwa Madam Uy, akarudi na kwenda kanisani moja kwa moja. Akatoa risiti. Kwa Madam Uy risiti huandikwa kwa mkono, na saa huandikwa pia, kwa sababu bidhaa inarudishwa ndani ya saa ishirini na nne tu. Risiti ilisema: lesi, peso 1,000, punguzo la sikukuu, asilimia 20, kadi ya suki, yaani mteja wa kudumu, asilimia 10, jumla 720. Saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi.

Kapteni akatoa risiti nyingine mfukoni. Ilikuwa ya mkewe, Remedios, aliyenunua lesi ileile Alhamisi.

"Tazameni," alisema. "Ya mke wangu wamekata kumi kwanza, ishirini baadaye. Ya Baning wamekata ishirini kwanza, kumi baadaye. Duka moja, lesi moja. Mimi naona moja ya hizi karatasi ina walakini, na ya mke wangu naijua ilikotoka."

Watu wakaanza kunong'ona. Manang Nila akavaa miwani, akamkabidhi Kapteni chaki na kumwonyesha ubao.

"Lesi ni elfu moja, Kapteni. Toa ishirini kwa mia."

"Mia nane."

"Kwenye hiyo mia nane toa kumi kwa mia."

"Mia saba na ishirini."

"Haya, futa. Sasa anza na kumi."

Kapteni akaandika mia tisa. Asilimia ishirini ya mia tisa ni mia na themanini. Akatoa, akasimama na chaki mkononi, akarudia kutoa. Ilikuwa mia saba na ishirini.

"Inatoka ileile," alisema taratibu.

"Na itatoka ileile hata ukiirudia mpaka Krismasi. Ukipunguza ishirini umebakiza sehemu nane za kumi. Ukipunguza kumi umebakiza sehemu tisa za kumi. Nane kwa tisa, tisa kwa nane, ni kuzidisha tu, na kuzidisha hakuulizi nani katangulia. Wale wasichana wa kaunta ya lesi wanaandika lolote linalowajia. Tafuta walakini kwingine."

Watu walicheka, na aliyecheka zaidi ya wote ni Simplicio. Alipiga makofi kabisa. Alisema leo Manang ametufundisha kwamba mpangilio wa punguzo hauna maana, na kwa vile risiti ndiyo mtindo wa siku, naye anayo yake. Asubuhi ile na yeye alikuwa kwa Madam Uy. Kapteni akaisoma kwa sauti: feni ya mezani, peso 2,000; kuponi ya sikukuu, peso 300; kadi ya suki, asilimia 10; jumla 1,530. Saa tatu na dakika tano asubuhi. Manang Nila akainakili kwenye daftari lake, kwa mazoea tu, kisha akalifunga.

Kilichofuata kilimuuma Baning kuliko tuhuma yenyewe. Remedios, ambaye ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wa Bikira, alisimama akasema risiti ya Baning haina jina la mtu, lakini tuseme ni yake kweli. Ufunguo ulikuwa wa nani?

"Hatusemi umeiba, Baning," alisema. "Tunasema ulipewa utunze, na hukutunza."

Wakakubaliana. Ikifika Jumamosi saa sita mchana taji halijarudi, kazi ya kumvisha Bikira inahamia nyumba nyingine, na haitarudi. Simplicio alisema kwa huzuni nyingi kwamba mkewe Leonila, ambaye bibi yake aliwahi kumvisha Bikira mwaka mmoja zamani, angeweza kusaidia, ili sikukuu isiharibike.

Nje ya ukumbi Baning alimshika Manang Nila mkono. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mama yangu bado yu hai, Manang. Nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu mpaka nirudi, mdogo wangu," Manang Nila akajibu, akaenda kituoni.

Saa tisa na dakika kumi alasiri alikuwa dukani kwa Madam Uy. Alikwenda kutafuta shahidi tu, mtu wa kusema Baning alifika pale. Alimpata bila taabu. Msichana wa kaunta ya lesi alimkumbuka vizuri yule dada aliyekuja na karatasi iliyokatwa kwa umbo la shela na kupima kila inchi mara mbili, mpaka foleni ikamsonya. Alikubali kuandika maneno hayo na kutia sahihi. Manang Nila aliikunja karatasi, akajua wakati huohuo kwamba haitoshi. Ingeonyesha Baning si mwizi. Isingerudisha taji, na bila taji nyumba ya Panaguiton ingenyang'anywa Bikira vilevile.

Alikuwa amesimama anafikiria hayo wakati mwanamume mmoja alipoweka feni ya mezani kwenye kaunta ya vifaa vya umeme. Nyuma ya kaunta hiyo alikaa Madam Uy mwenyewe, mama wa miaka sabini, kalamu sikioni. Mtu yule alitoa kuponi na kadi kwa pamoja. Madam Uy akaisogeza kuponi pembeni kwa kidole, akapokea kadi kwanza, akaandika. Elfu mbili, toa kumi kwa mia, elfu moja na mia nane. Ndipo akaivuta kuponi, akatoa mia tatu.

"Elfu moja na mia tano," alisema.

Manang Nila alisikia namba hiyo, akavaa miwani. Akafungua daftari. Elfu moja, mia tano na thelathini. Alijikasirikia vibaya sana. Miaka thelathini na mmoja kwenye kaunta, na namba hiyo ilisomwa mbele yake kwa sauti, naye akainakili kwa mwandiko mzuri.

Alimuuliza Madam Uy kama kuna siku huanza na kuponi. Mama yule alimtazama kana kwamba ametukanwa. Akaeleza kwamba feni na pasi zote anaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, miaka kumi na moja sasa, hamwachii msichana yeyote. Na suki hutangulia daima. Suki ni mtu, ana miaka anakuja kwako. Kuponi ni karatasi, mtu anaweza kuiokota barabarani. Utaipokeaje karatasi kabla ya mtu?

"Na nikianza na kuponi," aliongeza, "suki wangu analipa peso thelathini zaidi. Unadhani atanyamaza?"

Kama Simplicio alifika asubuhi ile hakujua. Siku hiyo ameuza feni sabini, alisema, na yeye huangalia kadi, sura hana nafasi nazo. Manang Nila akauliza swali la mwisho, vitabu vyake vya risiti vinachapwa wapi. Alipojibiwa, alitoa kadi yake ya suki na kuponi, akanunua feni.

Jumamosi saa mbili asubuhi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Manang Nila aliingia na boksi la feni kwapani, akaliweka mezani mbele ya Kapteni, akaomba risiti ya Simplicio iletwe. Kwanza alisoma ushahidi wa msichana wa lesi, na Remedios akakubali, kwa shingo upande, kwamba Baning alikuwa mjini. Kisha Manang Nila akamgeukia mchapaji, akamwita Manong, yaani kaka mkubwa.

"Manong Simplicio, naomba msaada wako. Feni yako uliuziwa na nani?"

"Na Madam Uy mwenyewe."

"Uliona anavyopiga hesabu?"

"Kwa macho yangu. Alipokea kuponi, akapokea kadi, akaandika."

"Kuponi kwanza."

"Kuponi kwanza. Imeandikwa hapo."

"Ukalipa elfu moja, mia tano na thelathini, ukaondoka."

"Sasa ningelala huko, Manang?"

Watu wakacheka. Manang Nila naye alitabasamu kidogo, akampa chaki na kumwomba aifanye hesabu hiyo ubaoni. Simplicio alijua kuandika vizuri, ni kazi yake. Elfu mbili, toa mia tatu, elfu moja na mia saba. Asilimia kumi ni mia na sabini. Elfu moja, mia tano na thelathini. Akapiga mstari chini yake.

"Safi," alisema Manang Nila. "Sasa anza na kadi."

"Ya nini? Jana wewe mwenyewe ulisema mpangilio hauna maana. Watu wote hapa wamekusikia."

"Walinisikia. Anza na kadi."

Simplicio akaanza. Elfu mbili, toa mia mbili, elfu moja na mia nane. Toa mia tatu. Mkono wake ulikwenda kasi mpaka hapo, kisha ukasimama. Kapteni aliinuka kitini ili aone vizuri.

"Malizia, Manong," alisema Manang Nila. "Au nikusaidie? Ni elfu moja na mia tano. Nimelipa jana kwa kaunta ileile, na risiti yangu hii hapa. Jana nilisema juu ya asilimia mbili. Asilimia huchukua sehemu ya kile inachokikuta. Ikikuta elfu mbili inakata mia mbili, ikikuta elfu moja na mia saba inakata mia na sabini tu. Kuponi yenyewe haijali inakuta nini, inachukua mia tatu zake na kuondoka. Ukiitanguliza kuponi, kadi inakuta chakula kimeshaliwa. Hizo ndizo peso thelathini zako."

"Basi alikosea yule mama," Simplicio akasema. "Mzee yule. Ni kosa lake."

"Madam Uy anaandika feni zote kwa mkono wake. Miaka kumi na moja anaanza na suki, na anayesimama pale anamwona akiisogeza kuponi pembeni kwa kidole. Wewe umesema uliona kwa macho yako. Umeona kitu ambacho hakikutokea." Akaweka risiti mbili sambamba mbele ya Kapteni. "Linganisha mwandiko, Kapteni, haufanani. Karatasi ndiyo ya aina moja, tena ni halali kabisa. Kwa sababu vitabu vya risiti vya Madam Uy vinachapwa hapahapa Panitugan, na anayevichapa haoni shida kujibakizia ukurasa. Alijua duka, alijua bei, alijua kadi na kuponi maana amezichapa yeye. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho hakichapwi, kinaonekana ukisimama kwenye ile kaunta."

Kapteni, ambaye Ijumaa alifedheheshwa kwenye ubao uleule, alikuwa na swali rahisi kuliko yote.

"Feni yako iko wapi, Simplicio? Twende tukaione."

Hakukuwa na feni. Saa tatu kasoro dakika tano Kapteni na wajumbe wawili walivuta droo za herufi za chapa katika duka la Simplicio, na katika droo ya nne wakakuta taji la Bikira limeviringishwa ndani ya ratiba za sikukuu. Halikuwa na mchubuko. Kengele ya kanisa ikaanza kulia kabla hawajalifikisha barabarani, kwani Crispulo alikuwa amewatangulia mbio.

Simplicio alieleza yote akiwa ameketi kwenye ngazi za duka lake. Ijumaa saa moja na nusu na ushee, Baning alipokwisha kuondoka na Crispulo akaelekea kwa majogoo, alivuka barabara, akachukua ufunguo, na baada ya robo saa akaurudisha msumarini. Hakutaka kuliuza. Baada ya sikukuu angelikuta nyuma ya kabati, mbele ya watu, akasifiwa. Alichotaka ni Baning aonekane hawezi kutunza, na kazi irudi kwa ukoo wa mkewe. Bibi wa Leonila alipewa kazi hiyo mwaka mmoja akanyang'anywa, alisema, na nyumbani kwake hawajaacha kulizungumza siku moja kwa miaka kumi na tisa ya ndoa. Leonila, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema hakumtuma mtu kuiba, akaingia ndani na kufunga mlango. Polisi walimchukua mumewe saa nne na nusu.

Saa nane mchana akina mama wa chama walikusanyika sakristia kwa ajili ya kumvisha Bikira. Remedios alifika wa kwanza. Alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, lakini Baning hakumpa nafasi, alimpa kisahani cha pini akishike. Wengine waliosimama upande wake Ijumaa walipewa vya kwao, huyu shela, huyu mshumaa, huyu ngazi. Mama yake Baning aliletwa na kiti chake, akawekwa mahali pa kuona kila kitu. Manang Nila hakupewa chochote. Alikaa karibu na bibi huyo, feni mpya miguuni inawapepea wote wawili.

Baning alipanda ngazi. Alimvisha gauni, akamfunga mkanda, akatandaza ile lesi ya peso mia saba na ishirini, akaipiga pini. Akatazama, akaing'oa, akaipiga upya. Wabebaji walikuwa wanasubiri nje, na bendi ilikwisha kupiga wimbo wake wa kwanza mara tatu. Saa kumi ilifika, ikapita. Kapteni alichungulia mlangoni, akamwona mkewe amenyoosha mkono na kisahani, jasho likimtiririka, akarudi zake nje.

Ilipofika saa kumi na robo Baning aliinua taji kwa mikono miwili na kuliweka mahali pake. Mama yake aliita jina lake mara moja, kwa sauti kubwa, na sakristia nzima ikapiga makofi. Baning alibaki juu ya ngazi akiwatazama. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Pini moja zaidi, Manang Remedios," alisema, na Remedios akaichagua iliyo nzuri kuliko zote, akampa.